Samaki Chini ya Mng'ao: Somo la Kupiga Picha Kwenye Bwawa la Bustani



Somo la leo linaanzia kwenye simu uliyoishika sasa hivi. Wengi wetu tunapiga picha kila siku: za komunio ya kwanza ya mdogo wako, za kwaya, hata za sahani ya wali na maharage kabla hatujasema sala ya chakula. Kupiga tunapiga. Kutazama ndiyo kazi.

Kwa hiyo leo naomba twende pamoja hadi kwenye bwawa dogo la samaki. Tutajifunza hatua kwa hatua namna ya kumpiga picha samaki aliye ndani ya maji, na namna ya kuupiga picha mwanga unaocheza juu ya maji hayo. Halafu nitawasimulia asubuhi moja ambayo picha iliokoa bwawa zima. Somo la imani limo humo humo, tutalifikia.

Bwawa lenyewe

Bwawa ninalolisema lipo kwenye bustani ya babu mmoja hapa Biharamulo, si mbali na kigango chetu. Sasa amekuwa babu wa kundi zima la VIWAWA, ingawa hana undugu wa damu na yeyote kati yetu. Bwawa lina urefu wa hatua saba na upana wa hatua tano, na kina chake kinamfika mtu mzima kiunoni. Upande mmoja kuna mwembe mkubwa. Upande wa pili kuna migomba na tangi la maji ya mvua yanayoshuka kutoka kwenye bati. Ndani mna sato, pamoja na kambale wachache ambao huwaoni mpaka watake wenyewe.

Kwetu samaki si habari ngeni. Kabla Chato haijawa wilaya inayojitegemea, wilaya yetu ya Biharamulo ilifika hadi kwenye maji ya Ziwa Victoria. Upande mwingine tuna Ziwa Burigi, ambalo tangu mwaka 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Na sato tunayemla na ugali ana historia yake: aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, kipindi kile kile cha sangara. Ngege ndiye mwenyeji.

Ukienda Nchi Takatifu, kwenye Ziwa la Galilaya, mahujaji wanaandaliwa mezani samaki anayeitwa samaki wa Mtakatifu Petro. Mcheki vizuri huyo samaki: mwili bapa, pezi la mgongoni lenye miiba. Ni ukoo mmoja na sato wetu. Yaani ukipiga picha sato wa bustanini, umempiga ndugu wa samaki aliyezijua nyavu za mitume.

Kuna jambo lingine ambalo wengi tunalipita haraka. Fungua kitabu cha Mwanzo, sura ya kwanza, mstari wa 22. Baraka ya kwanza kabisa katika Biblia, siku ya tano, wanapewa viumbe wa majini na ndege. Mtu anabarikiwa baadaye. Kwa hiyo unapoinama kwenye bwawa, unainama mbele ya kiumbe aliyebarikiwa kabla yako. Huo ni mwanzo mzuri wa adabu ya mpiga picha.

Kwa nini maji yanamficha samaki

Umesimama pembeni ya bwawa. Unaona mawingu, unaona matawi, unajiona wewe mwenyewe na simu yako. Samaki humwoni. Kwani ameenda wapi? Yupo pale pale. Tatizo ni kwamba mwanga unaotoka kwake ni mdogo, na mwanga wa anga unaoruka juu ya maji ni mkubwa. Mdogo unamezwa na mkubwa.

Sasa angalia hesabu yake. Ukitazama maji wima, kutoka juu kabisa, uso wa maji unarudisha kama asilimia 2 tu ya mwanga wa angani. Ukitazama kwa kulaza jicho, nyuzi 10 tu juu ya usawa wa maji, kinachorudishwa kinafika karibu theluthi moja. Maji ni yale yale na samaki ni yule yule. Kilichobadilika ni mahali ulipoweka jicho lako.

Jambo la pili ni kupinda kwa mwanga. Mwanga ukitoka majini kuingia hewani unapinda, ndiyo maana kina kinadanganya. Samaki aliye sentimita 40 chini ya maji, ukimtazama kutoka juu, anaonekana kama yuko sentimita 30. Mvuvi wa mkuki analijua hili bila kufundishwa darasani: analenga chini kidogo ya pale anapomwona samaki.

La tatu ni la kamera. Wingu unaloliona ndani ya bwawa, kwa kamera, liko mbali kama wingu lenyewe lilivyo mbali angani. Kamera ikilenga wingu, samaki aliye karibu anaweza kutoka na ukungu. Ikimlenga samaki, wingu linalegea. Kwa hiyo kabla hujabonyeza lazima uamue: leo namtaka samaki, au nataka anga iliyo juu yake?

La nne ni kwamba samaki naye anakutazama. Kwake dunia yote ya juu, kuanzia migomba hadi mwembe hadi wewe, imekusanywa ndani ya duara moja juu ya kichwa chake, lenye upana wa nyuzi 97 hivi. Nje ya duara hilo uso wa maji unakuwa kioo kwake, unamwonyesha tope la chini. Wewe ukifika umesimama wima, unaingia katikati ya duara lake kama mnara. Zaidi ya hapo, ubavuni ana mstari wa vitundu vidogo unaohisi mtikisiko wa maji. Ukija unakanyaga ardhi kwa kishindo, ameshajua.

Hatua za kumpiga picha samaki

*1. Chagua saa.* Hapa kwetu kuna kitu cha kujua. Saa za Tanzania zimepangwa kwa mstari wa longitudo 45 mashariki, unaopita mashariki kabisa ya nchi yetu. Biharamulo tuko karibu na longitudo 31. Kila nyuzi moja ni dakika 4, kwa hiyo jua letu liko nyuma ya saa ya ukutani kwa karibu saa nzima. Linachomoza saa moja inapokaribia, na linafika katikati ya anga karibu saa saba mchana. Kwa kumpiga samaki, saa tatu hadi saa nne na nusu asubuhi ni nzuri: jua limepanda kiasi cha kuingia majini, na halijafika utosini.

*2. Tafuta kivuli ndani ya maji.* Hii ndiyo siri kubwa ya somo zima. Zunguka bwawa polepole mpaka mwembe uwe ng'ambo, mbele yako. Pale maji yanapoonyesha anga nyeupe, utaona anga tu. Pale yanapoonyesha majani meusi ya mwembe, ghafla utaona ndani: mapezi, magamba, hata changarawe. Giza la mwembe halina mwanga wa kumfunika samaki. Kama hakuna mti, mwambie mwenzako ashike mwavuli mweusi au kitenge cheusi ng'ambo ya maji.

*3. Mwili uwe chini, mkono uende mbele.* Karibia umeinama, kaa au piga magoti pembeni. Kisha nyoosha mkono, simu iwe juu ya maji na lenzi itazame chini. Hivyo samaki hakuogopi, na bado jicho la kamera linatazama karibu wima. Funga simu kwa kamba mkononi, tafadhali. Simu nyingi zimeishia kwa kambale.

*4. Jua liwe ubavuni.* Likiwa mgongoni mwako, kivuli chako kinatangulia majini na samaki wanatawanyika. Likiwa mbele, mng'ao unakupiga machoni.

*5. Zima flashi.* Mwanga wake unagonga uso wa maji na kurudi kwenye lenzi. Utapata doa jeupe, samaki hayupo.

*6. Gusa samaki kwenye kioo cha simu.* Kamera imlenge yeye, kisha shusha mwanga wa picha kidogo ili magamba yasiungue. Usivute kwa zumu, sogea mwenyewe. Piga picha nyingi mfululizo, utachagua baadaye.

*7. Kopa miwani.* Kuna miwani ya jua inayokata mng'ao wa maji, inaitwa ya polaroidi. Madereva na wavuvi wanaipenda. Weka kioo chake kimoja mbele ya lenzi, ukizungushe taratibu. Kuna mahali utaona mng'ao unazimika kama mtu amefunga pazia. Inafanya kazi vizuri zaidi ukitazama maji kwa kuinamisha simu kiasi, isiwe wima kabisa.

*8. Subiri.* Dakika kumi za kwanza ni za samaki kukuzoea. Mimi huwa natumia muda huo kusali fungu moja la rozari. Mafumbo yanakwenda, samaki wanarudi.

Na onyo moja. Sato jike anayatunza mayai mdomoni. Utamjua kwa koo lililovimba na kwa kutokula wenzake wanapokula. Anaweza kukaa hivyo wiki nzima na zaidi, hali chochote au anakula kidogo sana. Ukimfukuza-fukuza ili upate picha, anaweza kuyatema. Huyo mpige kwa mbali au mwache. Wala usimtoe samaki yeyote majini kwa ajili ya picha.

Hatua za kuupiga picha mwanga

Hapa kanuni zinageuka. Ukitaka mwanga wenyewe, njoo mapema, jua likiwa chini na upepo haujaamka. Laza simu karibu na maji, ielekeze kwenye taswira ya migomba au ya mawingu, gusa taswira hiyo kwenye kioo cha simu, shusha mwanga mpaka rangi zikolee. Acha kipande cha ukingo wa bwawa kionekane ili mtazamaji ajue yuko wapi.

Usirushe jiwe kutengeneza mawimbi. Mngoje samaki. Akigusa uso wa maji kwa mdomo, anachora duara, na duara linabeba mwanga hadi ukingoni.

Kuanzia saa tano hadi saa nane kuna uzuri mwingine, kama maji ni safi na hayana kina: nyavu za mwanga zinazocheza chini kabisa. Kila wimbi dogo linafanya kazi ya lenzi, linakusanya miale na kuichora kwenye sakafu ya bwawa. Samaki akipita katikati, anavaa nyavu hizo mgongoni bila kunaswa. Mimi sijachoka kuzitazama.

Asubuhi ya vichwa vingi

Sasa nije kwenye ile asubuhi.

Ilikuwa Jumamosi ya kiangazi. Tulikuwa sita, tumekubaliana kufika kabla ya jua ili tupate mwanga wa kwanza. Saa kumi na mbili na nusu tupo bwawani. Jamani, palikuwa na uzuri! Maji yametulia, anga imeanza kuwa ya waridi, na samaki wamejaa juu. Vichwa vingi, midomo inafunguka na kufunga, kila mdomo unachora duara lake, na kila duara lina mstari wa dhahabu. Hata tulipokaribia hawakukimbia.

Dada mmoja katika kundi letu alipiga picha nzuri kuliko zote tulizowahi kupiga pale. Akasema, "Oneni, kama samaki wa Mtakatifu Antoni!" Mnayakumbuka mapokeo hayo: Mtakatifu Antoni wa Padua alipokwenda Rimini, Italia, watu walikataa kumsikiliza, akaenda ufukweni akawahubiria samaki, nao wakatoa vichwa nje ya maji kumsikiliza. Kweli picha ilifanana. Akaiweka kwenye stetasi yake ya WhatsApp pale pale, na laiki zikaanza kuingia.

Babu akaja na ndoo yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Mmeamka na majogoo leo."

Dada akampa simu aione picha. Babu hakusema kitu. Akaomba aikuze. Akaangalia mdomo mmoja, akasogeza, akaangalia mwingine. Kisha akatazama bwawa lenyewe, akarudi kwenye simu.

"Hawa hawasikilizi mahubiri," akasema. "Hawa wanatafuta pumzi."

Akakunja mkono wa shati, akatumbukiza mkono majini. Kipimo chake ni hiki: unazamisha mkono taratibu hadi kwenye kiwiko huku unatazama kiganja. Kiganja kikianza kupotea machoni maji yakiwa karibu na kiwiko, maji yana ukijani wa kutosha. Siku hiyo kiganja cha babu kilipotea kabla maji hayajapita sana kifundo cha mkono. Maji yalikuwa mazito kwa mimea midogo ile ya kijani isiyoonekana kwa macho, moja moja.

Akatueleza, na ni elimu ambayo kila mwenye bwawa anapaswa kuwa nayo. Mchana ile mimea inatumia mwanga wa jua na inatoa oksijeni majini. Usiku hakuna jua. Mimea na samaki na uozo wa chini vyote vinavuta oksijeni ile ile. Inapungua saa baada ya saa, na inafika chini kabisa kabla tu ya mapambazuko. Mbolea na chakula vikizidi, ukijani unazidi, na alfajiri samaki wanapanda juu kunyonya maji ya pale pale yanapogusana na hewa. Ndiyo maana hawakutukimbia. Walikuwa hawana nguvu ya kukimbia.

Simu tukaziweka kwenye nyasi. Tukashika ndoo. Tulichota maji ya tangi na kuyamwaga bwawani kutoka juu, kwa kishindo, ili yaingie na hewa. Mwingine alichota maji ya bwawa lenyewe na kuyarudisha kwa kuyarusha. Tulipokezana hadi saa tatu. Jua lilipopanda, vichwa vikaanza kushuka kimoja kimoja. Wawili hawakushuka, tuliwatoa wakiwa wamekufa. Babu akasimamisha mbolea, akapunguza chakula, na siku zilizofuata tukawa tunabadilisha sehemu ya maji.

Kisha babu akatuomba kitu ambacho hatukukitegemea. Alisema, "Njooni na hizo simu zenu kila alfajiri. Simameni jiwe lile lile, pigeni picha ile ile." Tukapokezana. Siku ya pili vichwa vilikuwa bado vingi. Siku ya tano vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Siku ya nane nilikuwa zamu mimi. Nilipiga picha ya maji matupu: anga ya waridi, kivuli cha mwembe, hakuna duara hata moja. Babu aliikuza kwa vidole kama kawaida yake, akacheka.

Ndiyo picha bora ya samaki niliyo nayo kwenye simu yangu. Haina samaki hata mmoja.

Tunajifunza nini?

Kwa mapokeo, kule Rimini mtakatifu alihubiri na samaki wakasikiliza. Kwetu samaki ndio waliohubiri.

Fikirieni mfano wa Msamaria Mwema, Luka sura ya 10. Huwa tunausoma kana kwamba kuhani na Mlawi walikuwa vipofu. Soma tena taratibu. Kuhani alimwona yule mtu. Mlawi alimwona. Msamaria alimwona. Wote watatu macho yao yalikuwa mazima, na yule mtu alikuwa pale pale barabarani. Mmoja tu alikaribia. Tofauti yao imeanzia hapo: kusogea, kuinama, kugusa kidonda.

Sasa nikuulize, ndugu yangu. Kwenye simu yako kuna watu mia ngapi? Kila siku wanapita mbele yako wanang'aa. Yule uliyesoma naye TYCS, sasa yuko mjini, kila siku picha mpya, kila siku kicheko. Yule kaka wa kwaya ambaye siku hizi yuko mtandaoni saa tisa usiku, saa kumi alfajiri. Tunabonyeza laiki, tunapita. Inawezekana kabisa kwamba anafurahi, Mungu ashukuriwe. Inawezekana pia kwamba amepanda juu kutafuta pumzi, na sisi tunasifia duara la dhahabu linalozunguka mdomo wake.

Hatuwezi kujua tukiwa tumesimama pale tulipo. Lazima tufanye kile bwawa lilichotufundisha.

Tubadilishe mahali tunaposimama. Laiki ni jicho lililolazwa, linarudisha mng'ao tu. Mpigie simu, nenda kwao, kaa naye.

Tupunguze mwanga wetu. Pale anga inapong'aa juu ya maji hakuna kinachoonekana chini. Ukienda kwa mwenzako na habari zako, ushauri wako, ushuhuda wako, utaiona taswira yako tu. Kuwa kama mwembe: simama mbele yake kwa utulivu, umpe kivuli, naye ataonekana.

Tusubiri. Dakika kumi za kwanza ni za yeye kukuzoea. Anayeumia hasemi swali la kwanza linapoulizwa.

Tumwite anayejua. Sisi sita tulikuwa na simu nzuri, na mwenye kujua midomo ile inasema nini alikuwa babu. Mwenzako akiwa kwenye giza zito, akizungumzia kifo au kujidhuru, usilibebe peke yako. Mpeleke kwa mtu mzima unayemwamini, kwa padre au sista, na hospitali pia. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Na mwisho, tushike ndoo. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea mtu anayemwombea mwenzake mwenye njaa apate joto na kushiba, kisha asimpe kitu. Sala ni lazima. Ndoo pia ni lazima.

Maswali ya kujiuliza

1. Ni nani katika jumuiya yangu ndogo ndogo au kwaya yangu ambaye namjua kwa picha zake tu?
2. Ninapokutana na mwenzangu, ni muda gani nautumia kusikiliza kabla ya kuanza habari zangu?
3. Je, kuna mtu aliyewahi "kutumbukiza mkono" kwenye maji yangu akajua kwamba nakosa hewa? Nimewahi kumshukuru?
4. Kama leo ni mimi ninayetafuta pumzi, ni nani ninayeweza kumwambia kabla ya jioni?

Zoezi la wiki

Tafuta maji yoyote yaliyotulia: bwawa, beseni la nguo, hata dimbwi la mvua barabarani. Piga picha mbili kutoka sehemu moja. Ya kwanza, lenga kilicho juu ya maji. Ya pili, lenga kilicho ndani. Ziweke pembeni kwa pembeni na uzitazame kwa dakika tano bila kumtumia mtu yeyote.

Kisha chagua jina moja kutoka kwenye swali la kwanza. Wiki hii umtembelee. Simu ikae mfukoni.

Tusali

Ee Bwana, uliyewabariki samaki siku ya tano na ukawaandalia wanafunzi wako kifungua kinywa kando ya ziwa, tupe macho yanayokaa muda mrefu mahali pamoja. Utuondolee mng'ao wetu wenyewe tunapotaka kumwona mwenzetu. Wale wanaotafuta pumzi alfajiri hii, kwetu Biharamulo na popote walipo, uwaletee mtu mwenye ndoo. Na kama mtu huyo ni mimi, uniamshe mapema. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Antoni wa Padua, utuombee.

Tuombeane, vijana wenzangu. Na ukipita kwa babu, msalimie. Atakuonyesha jiwe la kusimamia.